Tapeti Nane za Gari la Zahanati

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, fundi mkuu aliinua kifuniko cha injini ya gari la zahanati akaguna. Shafti mpya ya valvu, iliyofungwa juzi tu, nundu zake zilikuwa zimelika. Gari lilikuwa limezimika njiani likiwa na mgonjwa. Bahati nzuri alipata lifti akafika salama.

Fundi mkuu alichomoa tapeti moja, kile kipande kinachokaa juu ya nundu na kusukuma valvu, akaigeuza. Kitako chake kilikuwa kimebonyea.

"Tapeti kuukuu juu ya shafti mpya! Lazima zitafunane. Zile mpya nane ziko wapi?"

Wote walimgeukia mwanamke wa stoo.

"Ijumaa saa nane nilimkabidhi mdogo wangu boksi la shafti na boksi la tapeti," alisema.

"Basi kikulacho ki nguoni mwako," fundi mkuu akajibu. "Kijana kaziuza."

Mdogo wake alikuwa pale, kitambaa mkononi, akifuta spana bila kuinua macho. Dada alipandwa na hasira za mtu aliyemwombea nduguye kazi. "Mwizi we! Umenivua nguo mbele za watu!" Bosi alitoa muda hadi saa sita: tapeti zipatikane, la sivyo polisi.

Dada alimfuata mdogo wake nyuma ya gereji.

"Umeziuza?"

"Hapana, dada."

"Jumamosi nani alifunga injini?"

"Acha tu. Yaishe."

Jibu hilo lilimtia shaka, maana mwizi kwa kawaida hana haraka ya kwenda polisi. Akaenda kwa muosha magari, ambaye Jumamosi alionekana na boksi kwapani.

"Mama, usinitie balaa," muosha magari alilalama. "Fundi mkuu alinipa nikalitupe. Boksi zuri lile, nikawekea sabuni."

Boksi likaletwa. Dada alichukua tapeti moja kuukuu akailaza kwenye kitundu kimoja cha boksi. Ilipwaya, fupi kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Tena vitundu vilikuwa viwiliwili, na kati yao nafasi ya kijiti cha kuunganisha. Alizijua tapeti za namna hiyo: ni za roli, zenye kigurudumu chini, nazo huunganishwa mbilimbili ili zisizunguke. Gari la zahanati lilikuwa la zamani, la tapeti bapa, zisizo na kigurudumu.

Saa tano na nusu aliliweka boksi mezani mbele ya bosi, wenzao wote wa gereji wakiwepo.

"Fundi, shafti ya tapeti bapa inapokea tapeti za roli?"

"Hata mwanafunzi anajua haiwezekani. Bapa huteleza, roli hubingirika. Nundu zake ni tofauti."

"Uliagiza zipi?"

Fundi mkuu alilisukuma boksi pembeni. Kisha akafungua kabati lake, akatoa tapeti nane zinazong'aa, kila moja na kigurudumu chake.

"Miaka yote hii nafunga za roli," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono uliandika wenyewe. Kijana ndiye aliyeziona kwanza, akanisihi tuzirudishe dukani. Mimi niliyemfundisha kushika spana! Niliona aibu. Nikamwambia aende nyumbani, nikarudishia zile za zamani mwenyewe. Nilidhani zingevumilia."

"Na wizi ukambambikia yeye," bosi alisema. Akamgeukia kijana. "Na wewe ulikuwa bubu?"

Kijana alimtupia dada yake jicho, kisha akaliangalia boksi. Hapo dada akaelewa, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Gereji ile ilikuwa na sheria moja: hakuna boksi linalopokelewa stoo bila kufunguliwa na kifaa kulinganishwa na kile cha zamani. Alhamisi, mzigo ulipofika, alikuwa na haraka.

"Bosi, nilisaini bila kufungua," alisema. "Ningefungua, zisingefika kwenye injini. Hilo ni langu."

"Uso umeumbwa na haya, dada," mdogo wake alisema taratibu. "Ningesema ukweli, ungefukuzwa wewe. Nikaona bora niitwe mwizi."

"Na niliyekuita ni mimi."

"Ndiyo. Hapo ndipo paliponiuma."

Dada alimwomba msamaha palepale, mbele ya wale wale waliosikia lile tusi. Kijana aliitikia kwa kichwa, lakini hakumtazama. Bosi alinyoosha mkono, na dada akaweka funguo za stoo kiganjani mwake.