Kadi Zilizoshushwa

Kitendawili, wajukuu zangu. Watu wamejipanga kimya ndani ya nyumba nyembamba, chuma kimewapitia miguuni, na hakuna anayelia. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Kisumu. Ni kadi za maktaba ndani ya droo yao. Zamani, kabla ya kompyuta, kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na mtu akitaka kitabu alianza kwa kadi.

Lornah wa Kaloleni alizijua kadi hizo. Kila Jumamosi alimfuata mama yake, Dorca, kwenye maktaba ya chuo kikuu, akapangusa meza huku mama akirudisha vitabu rafuni. Mwaka huo Dorca alikuwa akifundishwa kupanga kadi. Anayejifunza kazi hiyo huziweka kadi zake juu ya chuma kinachopita kwenye matundu ya kadi nyingine, zichomoze, ili mkufunzi aone alipokosea. Akisharidhika, mkufunzi mwenyewe huchomoa chuma, kadi zikashuka, kisha akakirudisha. Ambaye angepanga vizuri kuliko wote angepelekwa Nairobi kusomea cheti. Nafasi ilikuwa moja tu, na Dorca aliiombea mpaka kanisani.

Siku ya mtihani Dorca alimaliza mapema, akaenda kunywa chai. Alimwacha bintiye na neno moja: asiguse droo. Lakini Lornah alikuwa mtoto wa unadhifu, na zile kadi zilizochomoza zilimkera kama nywele zisizochanwa. Akavuta chuma. Kadi zikashuka zote, zikamezwa na zile nyingine. Akakirudisha chuma, akaridhika na kazi yake.

Mkufunzi, Mzee Gichuki, alifungua droo, akapitisha kidole juu ya kadi. Hakuna aliyeweza kujua tena kadi ipi ilipangwa na Dorca.

"Nani ameshusha kadi hizi?"

Zacchaeus, aliyekuwa akifunzwa pamoja na Dorca, alitania kwamba huenda mama huyu amejisahihisha mwenyewe, basi ajipe na cheti. Dorca hakucheka. Alisema si yeye. Mzee akamgeukia Lornah.

"Huyu wangu nilimkataza," Dorca akasema, "na akikatazwa hukatazika."

Lornah akarudi kupangusa meza. Swali likabaki hapo mezani. Jumatatu, nafasi akapewa Zacchaeus.

Lornah alinyamaza hadi alipomwona mama akikunja sweta aliyoifuma kwa ajili ya baridi ya Nairobi, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Hapo alishindwa, akasema yote. Dorca aliketi kitandani. Hakumpiga.

"Kushusha kadi ni kosa dogo, nyathina, mwanangu," akasema. "Ungesema palepale, ningezipanga upya, nikapimwa jioni. Kimya chako ndicho kilichonifungia mlango. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

Basi lilikuwa limekwisha kuondoka na Zacchaeus. Hata hivyo, Jumamosi mama na binti walirudi maktabani. Mzee Gichuki alisema mwakani nafasi nyingine ipo, ila hawezi kumpendekeza mtu anayejishushia kadi zake bila kungoja kusahihishwa. Dorca hakujitetea. Alimwomba tu arudie lile swali lake.

Mzee akashangaa kidogo, akavuta droo. Lornah alimtazama mama. Mama alikuwa ametazama dirishani.

"Nani alishusha kadi hizi?"

"Ni mimi, Mzee," Lornah akasema. "Mama hakuzigusa."