Sarafu Chini ya Barafu

Marehemu alikuwa ndani ya kichupa kisichozidi kidole cha mwisho cha mtoto.

"Afande, maiti yenyewe iko wapi?" Sajini alinong'ona, akichungulia chini ya meza ya maabara.

"Ndiyo hiyo unayoipumulia. Rudi nyuma."

Inspekta hakuwa mwanamke wa kufurahia kuitwa Jumatatu asubuhi kuja kutazama maji yenye utando. Lakini Profesa, mgeni kutoka chuo kikuu kikubwa, alikuwa amepiga simu kituoni akifoka kwamba ameibiwa, na wakubwa wakifoka hata simu ya kituo huogopa.

Chuo chake kilikuwa na ushirikiano wa utafiti na chuo hiki kidogo. Walikuwa wakiwaingiza kwenye biofizikia vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga maabara. Leo mmoja wao alitakiwa kupima protini ya misuli ya moyo mbele ya wageni: kuivuta kwa mwanga wa leza, kama mtu avutavyo uzi kuona utakatika lini. Akifaulu, angechukuliwa kwenda kusoma kwa Profesa.

"Haivutiki, haipimiki!" Profesa alisema. "Imekuwa kama yai lililochemshwa. Sampuli halisi imeibwa, tumewekewa uchafu."

"Unamshuku nani?"

"Mwenye sampuli. Ndiye aliyefunga maabara Ijumaa. Na unajua tena, vijana hawa wanatoka kwenye shida..."

"Hata mimi nimetoka huko huko," Inspekta alimkata. "Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Wangu, wa huyo binti, na wa mwalimu wake."

Inspekta aliiandika hesabu hiyo daftarini. Mtu anayekuletea mwizi upesi hivi, mchunguze mifuko yake kwanza. Ndivyo alivyofundishwa kazi.

Binti mwenyewe walimwita Sindano kwa wembamba wake. Alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, macho yamevimba. Kando yake alisimama mwalimu wake, mama wa makamo ambaye chuo kizima kilimwita Mama Darubini. Alikuwa amemshika bega tangu asubuhi. Binti akithibitika mwizi, angefukuzwa mpangoni siku hiyo hiyo, na hakuna chuo ambacho kingemgusa tena.

"Wikendi ulikuwa wapi?"

"Kwetu, Afande. Bibi yangu amelazwa huko. Nimelala sakafuni wodini mpaka jana usiku. Muulize nesi, alinikanyaga mara mbili."

Sajini alitoka kupiga simu. Akarudi anacheka: nesi amekubali, na ameomba radhi.

"Bado ungeweza kuiba Ijumaa kabla hujaondoka," Inspekta alisema.

"Ningeweza." Sindano alifuta pua. "Lakini Afande, naomba uangalie kikombe changu. Ndani ya friza, rafu ya chini, nyuma kabisa."

"Kikombe cha nini tena?"

"Kwetu umeme hukatika tukiwa safarini. Ukirudi unaikuta nyama imeganda, hujui kama iliyeyuka ikaganda upya. Basi mama hugandisha maji kwenye kikombe, halafu anaweka sarafu juu ya barafu. Ukiikuta juu, nyama pika. Ukiikuta chini, mpe mbwa. Ijumaa niliiacha juu."

Sajini alivaa glavu, akakitoa kikombe na kukipiga picha. Barafu ilikuwa safi, ngumu. Sarafu ilikuwa imelala chini kabisa.

"Haya," Inspekta alisema. "Hakuna aliyeiba kitu. Sampuli ni ile ile. Friza lilizimwa wikendi, likawashwa tena."

Profesa alishusha pumzi haraka mno. "Basi tuseme umeme ulikatika, yaishe."

"Usinifungie jalada langu, Profesa. Wikendi ulikuwa wapi?"

"Kwangu! Nimetua leo asubuhi na wageni hawa, na ufunguo wangu ninao mfukoni!"

Wageni waliitikia kwa vichwa. Inspekta alisikitika kidogo. Alikuwa ameanza kumpenda kama mshukiwa.

"Ni umeme, Afande," Mama Darubini alisema kwa upole. "Hapa hukatika ovyo. Mwanangu hana kosa."

"Na sampuli za wanafunzi wengine? Nazo zilikuwa kwenye friza hili hili?"

"Ndiyo, lakini hizo zote ni nzima. Nimezipima mwenyewe leo mapema."

Inspekta aliinua kichwa taratibu.

"Mapema, kabla ya onyesho?"

"Ndiyo."

"Kabla mtu yeyote hajajua kuna kilichoharibika. Ulikuwa unahofia nini, Mama?"

Mkono wa Mama Darubini ulitoka begani mwa Sindano.

"Umeme ukikatika hauchagui," Inspekta aliendelea. "Adui wa maabara naye angeharibu zote. Huyu alizihamisha za wenzake kwanza, akaiacha moja tu. Wapi kuna friza jingine?"

"Chumba cha mafunzo," Sindano alijibu. "La zamani. Ufunguo wake anao mwalimu peke yake."

Walilifungua. Ndani mlikuwa mtupu, lakini kwenye utando wa barafu wa rafu palikuwa na alama za masanduku ya vichupa, zimepangwa vizuri, bado mbichi. Kikulacho ki nguoni mwako, Sajini alijisemea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakufanya mzaha.

Mama Darubini alikaa chini.

"Nilizima king'ora cha friza, nikachomoa waya, nikaacha mlango wazi," alisema. "Jana nikarudi kuwasha na kupanga kila kitu."

"Kwa nini?"

"Kila ninayemlea akang'aa, anachukuliwa. Wanaapa kurudi kufundisha hapa. Hajarudi hata mmoja! Picha zao naziona kwenye tovuti ya chuo cha Profesa, wanatabasamu, nami nimebaki na chaki zangu. Huyu ndiye niliyetaka aishike maabara hii nikistaafu. Nilisema ashindwe mara moja tu, nikae naye mwaka mwingine. Nilidhani watailaumu mashine."

"Lakini walimlaumu yeye. Na wewe ulimshika bega, ukanyamaza."

"Nilinyamaza," Mama Darubini alisema, na machozi yakamtoka. "Niliogopa, Afande. Nimejionea aibu tangu asubuhi."

Sindano alikuwa amesimama kando ya friza. "Mwalimu, si ungeniomba tu? Ningebaki."

"Najua ungebaki. Ndiyo maana nilishindwa kukuomba."

Profesa alikohoa, akasema kwamba nafasi ya binti bado ipo, na kwamba huenda alisema maneno kwa haraka. Sajini alitoa pingu. Inspekta akamwashiria azirudishe mfukoni, mama huyu hakuwa wa kukimbia.

Walipofika mlangoni, Sindano alimwita tena.

"Mwalimu. Kile kikombe hukukiona?"

"Nilikiona, mwanangu. Barafu ilikuwa imeyeyuka, sarafu iko chini. Sikujua ni ya nini." Mama Darubini aligeuka. "Nikasema ni kitu chako, huenda unakihitaji. Nikakirudisha pale pale ulipokiweka."

Sajini akamfungulia mlango, wakatoka.