Mistari Iliyogusana

Haya yalimkuta rafiki yangu Kristian, mwalimu wa jiografia kule Rangwi. Mkewe, Esteria, alikwenda kuokota kuni msituni, asirudi. Kristian akamfuata na ramani. Ukungu ukafunga, saa tisa mchana ikawa giza. Aliita mpaka sauti ikamkauka.

"Baba Pendo! Huku!" Esteria akaitika, karibu kabisa. "Njoo, ni tambarare."

Kristian akaisogeza ramani machoni. Upande ule mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, ilikuwa imegusana, alama ya jabali lililokatika wima kwenda chini.

"Mama Pendo, umesimama juu ya nini?"

"Mwalimu mzima unaogopa tambarare?"

Akarusha jiwe kule, akatega sikio. Halikuanguka. Likarudi taratibu kutoka ukunguni, likatua miguuni pake, lina joto la kiganja.