Basi Lililozomewa Ukumbini

Jirani zangu, kaeni mnisikilize, na anayetaka kucheka akacheke kwanza huko nje, maana kucheka ndiko kulikotufikisha hapa. Nitawasimulia habari za nyumba ya kinyozi. Mnaijua. Mmenyolewa pale, mmepiga soga pale, na jioni ile ya ukumbini baadhi yenu mlikaa viti vya mbele kabisa.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na chao tunatumia ukuta mmoja, wakikohoa nasikia. Kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Ilikuwa nyumba tulivu. Asubuhi kinyozi alifungua duka lake la mbele, akafuta kioo, akamwagia maji kizingitini ili vumbi litulie, kisha mashine yake ikaanza kunguruma na mdomo wake ukaanza pamoja nayo. Kwa maneno hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana tulimwita Spika. Mkewe alikuwa mfua nguo wa hospitali kuu, ng'ambo ya mji. Mashuka ya wodi nzima yalipita mikononi mwake, na mikono hiyo ilinukia sabuni hata siku za mapumziko. Mama yake Spika, bibi mwembamba mwenye heshima zake, alikaa dirishani akishona vifungo vya mashati niliyomletea. Alipenda kujitegemea yule bibi. Alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho, na kila alipotakiwa kliniki alijifunga kilemba, akachukua mkoba, akavuka hatua chache hadi kituoni, akapanda basi la mji peke yake. Akirudi alikuwa na chupa mpya ya dawa ya matone na habari za abiria wote.

"Leo dereva kanishikia mkono kama bibi harusi," aliniambia mara moja, akicheka.

Basi ukaja uchaguzi wa baraza la mji.

Walijitokeza wagombea wawili wa kueleweka. Wa kwanza alikuwa mkandarasi, mtu wa suti na gari refu, tuliyembatiza jina la Mheshimiwa Lami hata kabla hajachaguliwa. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyestaafu kazi ya kusimamia stendi, mwenye sauti ndogo na miwani inayoteleza puani. Spika ndiye aliyempa jina la Mama Vituo, na jina likaganda.

Wapambe wa Lami hawakuchelewa kujua mji huu unasikiliza mdomo gani. Walimjia Spika dukani. Siku ya pili yake gari likashusha kiti kipya cha kunyolea, cha ngozi, kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga, na kipaza sauti juu yake. Tangu hapo kila aliyeingia kunyoa ndevu alitoka na kampeni ya Lami kichwani, na ile barabara ya kasi aliyoahidi.

Mkewe hakufurahi. Niliwasikia wakila.

"Hiyo barabara ya kasi itapita wapi?"

"Juu! Itapita juu, mke wangu. Mji mkubwa utakuwa hapo hapo, unafumba jicho umefika."

"Sisi tutaipandia wapi?"

"Wahandisi wapo, wamesoma. Wewe unataka kuwafundisha?"

"Nauliza tu. Na basi je?"

"Basi, basi! Watu wanapewa barabara ya kimataifa, wewe unalilia basi linalokohoa moshi." Nikasikia kijiko kikigonga sahani. "Mnakaa na umaskini kama ndugu yenu."

Nikasikia mkewe akikusanya vyombo. Kesho yake alikuwa na zamu ya alfajiri.

Sasa tufike kwenye mdahalo, na naomba msijifanye hamkumbuki. Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Spika alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, shati jeupe lenye picha ya Lami. Swali la kwanza lilikuwa hilo hilo lililowaleta watu: barabara, mabasi, na fedha za usafiri za mkoa.

Lami alisimama akanyoosha mikono. Akasema barabara ya kasi itajengwa, itakuwa na taa kama mchana, ardhi itapanda bei, wawekezaji watapigana vikumbo. Fedha? Fedha zipo, mfuko wa mkoa umejaa, wanaosema hazipo ni waoga. Watu wakapiga miluzi.

Mama Vituo akasukuma miwani yake juu.

"Ndugu zangu, mfuko wa usafiri wa mkoa ni mmoja," akasema. "Ndani yake mna barabara, mna mabasi, mna taa za njiani. Barabara ya kasi ikichukua zote, mabasi yatakosa mafuta na madereva. Mimi siwaahidi barabara ya juu. Naahidi kutengeneza hii tuliyo nayo, kuongeza basi, na kujenga njia ya waenda kwa miguu."

"Njia ya miguu!" Spika akadakia kwenye kipaza sauti. "Jamani, mama anatutengenezea njia ya mbuzi!"

Ukumbi ukapasuka. Mlipigana mapaja. Mwenye duka la mbao alicheka mpaka akashikilia kiti cha mwenzake. Na kila yule mama alipofungua kinywa, mtu nyuma alilia kama mbuzi. Basi la mji lilizomewa jioni ile kama mwizi, na wenye kulizomea ndio waliokuja nalo.

Halafu kwenye kiti cha pembeni akanyanyuka bibi. Mama yake Spika. Alikuja kwa hiari yake, kilemba kimefungwa vizuri, mkoba umebanwa kwapani.

"Naomba kumuuliza mheshimiwa," akasema. "Hilo basi la kwenda hospitali litabaki?"

Ilikuwa sentensi moja tu, nayo ilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa. Lami alimtazama Spika. Na Spika, jamani, Spika alicheka.

"Waheshimiwa, huyu ni mama yangu mzazi, msimjali. Analipenda basi kwa sababu ndimo anamopigia soga. Mama, kaa, tutaongea nyumbani."

Mkacheka tena. Bibi akabaki amesimama kidogo, kana kwamba anasubiri mtu mmoja aseme, "Mwacheni ajibiwe." Hakuna aliyesema. Akakaa, akauweka mkoba magotini, akautazama.

Nyumbani hawakuongea. Nasema kwa sababu ukuta ni mmoja.

Lami alishinda kwa kishindo. Barabara ikajengwa, siwezi kumsingizia, ikajengwa kweli. Ikapita juu ya mtaa wetu kwenye nguzo nene kama ghorofa, ikazungushiwa uzio, na mlango wa kuingilia ukawekwa mtaa wa mbali, kule kwenye viwanja ambavyo, kama mjuavyo, vilikuwa vimeshanunuliwa na watu wa Lami. Sisi tukapata kivuli na vumbi. Barabara yetu ya zamani ikakatwa katikati na nguzo. Magari yakaacha kupita, na wateja wa kinyozi waliokuwa wakija kwa magari wakaacha pia. Kiti cha ngozi kilikaa wazi asubuhi nzima.

Kisha asubuhi moja tukakuta karatasi imebandikwa kituoni: huduma ya basi imesitishwa kwa kukosa fedha. Basi. Hata pole hawakuandika.

Mkewe Spika alianza kutembea. Alitoka gizani, akapita chini ya zile nguzo, akavuka mitaro kwa ubao, ili adake usafiri huko kwenye mlango wa barabara. Wakati mwingine alifika, wakati mwingine alifika amechelewa. Msimamizi wa wafua nguo alimvumilia, akamwonya, mwishowe akampa nafasi yake mtu anayeishi karibu. Mwanamke aliyeijua kazi ile kama kiganja chake akarudi nyumbani na aproni yake kwenye mfuko wa plastiki.

Na bibi? Siku ya kliniki ilipofika, Spika alimwambia, "Mama, wiki ijayo nitakukodia teksi." Wiki iliyofuata wateja hawakuja, teksi haikukodiwa. Akasema wiki nyingine. Bibi hakulalamika, na hapo ndipo nashikwa na hasira hadi leo, kwa sababu wazee wetu wamefundishwa kutolalamika na sisi tumeifanya adabu yao kuwa nafasi ya kuwasahau. Dawa ya matone ikaisha. Akaitunza chupa tupu mkobani.

Ugonjwa ule haupigi kelele. Unaanza kukula pembeni, unabakiza katikati, nawe ukawa unauona ulimwengu kama unachungulia tundu la ufunguo. Nilianza kuona vifungo vinarudi vimeshonwa nje ya mstari. Nilidhani ni uchovu. Siku moja bibi alimpelekea mwanawe chai dukani, akapita moja kwa moja, akamgonga mteja aliyekuwa amekaa kitini na kummwagia chai begani.

"Mama! Huoni?" Spika alifoka.

"Sioni, mwanangu," bibi akajibu taratibu. "Upande huo sioni tangu zamani kidogo."

Siku hiyo teksi ilipatikana. Mnaona? Ilipatikana. Daktari alimpima, kisha akauliza kwa nini hakuja muda wote ule.

"Basi lilikatwa," bibi akasema.

"Tukimpa dawa sasa atarudi kuona?" Spika akauliza.

"Kilichopotea hakirudi," daktari akasema. "Tungeweza kukilinda. Hiki kidogo kilichobaki nacho hakitakaa."

Mkewe alivumilia mpaka walipofika nyumbani. Ukuta haukuwa na maana jioni ile, mtaa mzima ulisikia.

"Aliuliza! Mama yako alisimama mbele za watu akauliza! Wewe ukamfanya kichekesho kama kikaragosi! Sasa mpe macho yako!"

Kulipokucha Spika alivaa shati safi akaenda ofisini kwa Mheshimiwa Lami. Alikalishwa kwenye benchi la korido mpaka jua likageuka. Mwishowe akatoka karani, kijana wa tai.

"Mheshimiwa anasema amesikitika. Lakini anauliza, kiti si ulipewa?"

"Mama yangu amekuwa kipofu."

"Ndugu, wewe ulikuwa mchekeshaji wa kampeni. Mambo ya mabasi ni ya mfuko wa mkoa, sio sisi." Akafunga mlango.

Aliporudi hakufungua duka. Alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanisimulia hayo ya ofisini na ya kwa daktari, akalia kama mtu aliyefiwa. Sikumbembeleza. Kuna machozi ambayo mtu aachwe ayamalize mwenyewe.

Kama tuliokolewa hata kidogo, aliyetuokoa ni mkewe. Alimwendea Mama Vituo nyumbani kwake, na yule mama, ambaye angekuwa na haki ya kutufungia mlango, akafungua. Akamweleza kwamba baraza ndilo linalogawa fungu la mji kutoka mfuko wa mkoa, na kikao hicho huwa cha wazi, kila mkazi ana ruhusa kuingia na kusema. Ila haingii mtu. Wakaingia. Mara ya kwanza walikuwa wanawake wachache, wakaambiwa muda umeisha. Wakarudi. Wafua nguo, wauza mboga, walimu, vijana wa chuo waliokuwa wakitembea kama yeye. Spika naye alikwenda, akakaa nyuma, akabeba viti. Walipompa nafasi ya kusema alitikisa kichwa akamwonyesha mkewe. Na mkewe alisema bila mzaha wala mbwembwe, mpaka Lami akaanza kutazama simu yake, na wajumbe wengine wakaanza kumtazama Lami.

Wakatoa basi moja. Moja tu, linalozunguka nguzo na kwenda hospitali. Tulilipigania kana kwamba tunaomba sadaka, wakati lilikuwa letu.

Siku ya kwanza Spika alimshika mama yake mkono hadi kituoni. Nilikuwa nao. Basi likaja, likasimama, mlango ukafunguka kwa kishindo cha upepo. Bibi aliinua uso kuelekea sauti, akatabasamu.

"Jipya?"

"Jipya, mama."

"Rangi gani?"

Yule mtu aliyekuwa na neno kwa kila jambo alifungua mdomo, ukabaki wazi. Dereva ndiye aliyemjibu bibi.

FUNZO

Jirani zangu, sitawapamba. Lami hakutuibia gizani. Alisimama mbele yetu akasema atakachofanya, na mwenzake akatuambia kitakachokatwa ili kifanyike. Tulikuwa na masikio, yakajaa vichekesho.

Mgombea akiwaahidi barabara, mwulizeni mlango wake uko wapi, na nani atashuka kwenye basi ili yeye apite juu. Asipojibu, msimpigie makofi. Fedha za mkoa zikigawiwa, nendeni mkakae pale, hata kama hamkualikwa, kwa sababu viti vitupu ndivyo vinavyotunyima mabasi. Na wewe uliyejaliwa mdomo, ukiukodisha kwa mtu, fahamu kwamba watakaonyamazishwa nao wa kwanza ni wa nyumbani kwako.

Akisimama mzee kuuliza, mwacheni ajibiwe.