Ua la Zambarau na Kadi Yake

Kila asubuhi ya likizo ile ya kiangazi, Ummukulthum alipanda treni kutoka Harrow, pembezoni mwa London, pamoja na jirani yao, Bi Bhanu. Mama yake alikuwa muuguzi, na hakupenda mtoto wa miaka kumi na miwili ashinde nyumbani peke yake. Bi Bhanu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia London baada ya Mapinduzi, alifanya kazi katika jumba la kuhifadhi mimea iliyokaushwa.

Kabati moja la jumba hilo lilijaa maua ya mwituni kutoka wilaya moja ya Amerika, nchi ya nyasi na upepo. Aliyeyachuma zamani alikuwa mwalimu wa shule ya huko. Kila ua alilibandika kwenye karatasi, akaandika chini yake jina, siku na mahali. Ummukulthum alisaidia kunakili maneno hayo kwenye kadi.

"Alitembea kwa miguu mchana kutwa," Bi Bhanu alimwambia, "na bado akaandika kwa mwandiko huu! Tazama, hata mizizi ameitandaza mmoja mmoja."

Ummukulthum aliinama kutazama. Hakujua kwamba majani makavu yanaweza kupendeza hivyo.

Ijumaa alichoka. Karatasi moja yenye ua la zambarau iliwahi kulowa maji, na jina la mahali likafutika. Badala ya kuuliza, alinakili mahali palipotajwa kwenye karatasi iliyotangulia: kando ya kijito. Nani atajua?

Jumatatu Bi Bhanu alikuja akitabasamu. "Mwanangu, lile ua la zambarau halijaonekana wilayani kule kwa miaka arobaini! Wataalamu wa huko wanataka kwenda kulitafuta. Kadi yako inasema kando ya kijito. Barua ya kuwajulisha inaondoka saa nane."

Ummukulthum aliweka kalamu chini. Akilini aliwaona watu wazima wakihangaika juani kwa neno alilolizua yeye.

"Bi Bhanu," alisema, "mahali pale sikupasoma. Nilibuni."

Bi Bhanu alivua miwani. "Na kadi nyingine?"

"Ni hiyo tu. Lakini nitazikagua zote."

Alizikagua zote mia na ishirini, moja baada ya nyingine. Bi Bhanu naye alishika kioo cha kukuzia, akaiinamisha ile karatasi dirishani. Wino ulikuwa umefutika, lakini mikwaruzo ya kalamu ilibaki kwenye karatasi. Wakasoma pamoja, herufi kwa herufi: "Mwinuko nyuma ya shule." Barua ikaondoka kesho yake.

Majani yalipoanza kupukutika, jibu lilifika. Mimea tisa ya ua lile ilikuwa imepatikana, nyuma ya magofu ya shule.

Ummukulthum aliruka kwa furaha. Bi Bhanu akamshika bega.

"Mwalimu yule hatukumwona kamwe," alisema, "lakini tunamwamini, kwa sababu aliandika alichokiona tu. Usipojua, mwanangu, andika kwamba hujui. Hiyo si aibu. Aibu ni kumpoteza njia anayekuamini."