Santuri ya Kundi la Delmore

Ernestine aliishika santuri ya kundi la Delmore upande mmoja, mwanamume mwenye koti la kijani akaishika upande wa pili. Ilikuwa Jumamosi ya mnada wa kanisa, Philadelphia kaskazini, na watu walikuwa wakisukumana mezani.

"Achia, kaka. Anayeimba sauti ya nne humo ni baba yangu. Alikufa kabla sijazaliwa."

Mwanamume, Lamont, akaachia. "Chukua, dada. Lakini usiipige nyumbani. Hii ni ya majaribio, haina nakala nyingine, na sindano mbovu itaichuna. Nipe niisafishe, nikurekodie kwenye kaseti."

Ernestine akampa. Wakaanza kupigiana simu kila jioni.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula. Baba yangu hajambo?"

Wakacheka, wakapendana. Mwezi wa pili wa mapenzi yao Lamont akaanza visingizio: sindano haijafika, mashine inakwama. Kisha akaacha kupokea simu.

Ernestine akavaa gauni jekundu la kanisani, maana alipenda kugombana akiwa amependeza, akaenda kumgongea.

"Umeiuza?"

"Sijaiuza, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Iko wapi?"

Akaileta. Upande mmoja ulikuwa umebabuka, mistari yote imefutika. Lamont aliusafisha kwa spiriti, kama alivyozoea kusafisha santuri zake za plastiki. Hii ilikuwa bati lililopakwa rangi laini, na wimbo ulichongwa ndani ya rangi hiyo. Spiriti ilikula rangi, ikala na wimbo.

"Mtaalamu mzima," Ernestine alisema. "Ningeifuta kwa sketi yangu ingepona."

"Ningekuambia nini?"

"Hayo hayo, siku ile ile. Umeniacha nikilala nikidhani una mwanamke."

"Upande wa pili sijaugusa. Naogopa hata kuupiga."

"Weka."

Sindano ikakwaruza, wanaume watano wakaanza kuimba. Chini kabisa sauti moja nzito iliwabeba wenzake. Ikakosea, mtu akacheka, ikaendelea. Ernestine akang'ang'ania ukingo wa meza. Lamont aliponyoosha mkono kumshika, Ernestine akaupiga kofi.

Wimbo ukaisha. Hasira haikuisha.

"Rudia, urekodi," alisema. "Halafu vaa koti, twende kwa mama. Utamweleza mwenyewe ulichofanya, kwa mdomo wako, nikisikia."

"Atanifukuza, Ernestine."

"Atakutukana kwanza. Akimaliza, umwombe unioe."