Muhuri wa Kiazi Kitamu

"Kuanzia leo," Ndanu alitangaza akiwa amesimama juu ya kiti, "masuala yote ya fedha ya nyumba hii yatapitia ofisi yangu."

"Shuka," mama yake akasema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Hicho kiti kina mguu mbovu. Na ofisi yako iko na sufuria mbili hazijaoshwa."

Mheshimiwa akashuka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko nyumbani Kangundo kwa likizo ya Agosti, na miaka miwili ya shule ya bweni ilikuwa imemfundisha hesabu za sehemu na jinsi ya kumaliza ugali kwa dakika mbili.

Hata hivyo, kazi ya fedha ilikuwepo kweli. Mama yake, Kalunde, alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliichukua kwa mkopo katika duka la Mzee Macharia sokoni Tala. Kila mwezi, kabla ya jioni ya tarehe saba, alipeleka shilingi mia nane, na kadi yake ikapigwa muhuri wa zambarau: duara lenye nyota katikati. Kadi hiyo ilikuwa na mihuri minane, hakuna mwezi ulioruka. Leo ilikuwa Jumamosi, tarehe saba, na Kalunde alikuwa na gauni la harusi la kumaliza.

"Jumatatu nitamwomba Macharia kitambaa cha sketi thelathini za shule, nimlipe nikishaziuza," alimwambia Ndanu akimpa kadi na pesa. "Ataangalia kadi kwanza. Ikiwa na pengo, hanipi, na hiyo kazi itaenda kwa mshonaji mwingine. Umenisikia?"

"Mwaitu," Ndanu akamwita mama kwa Kikamba, "pesa ziko mikononi mwa serikali."

Sasa, bwenini pesa hazikai mfukoni. Hufichwa chini ya karatasi ya kaki inayofunika daftari, na daftari halitoki machoni pa mwenyewe. Ndanu akasukuma noti ndani ya jalada la daftari la Sayansi, akaosha sufuria, akachukua daftari na kadi, akatembea hadi Tala akiimba. Dukani akafungua jalada kwa madaha. Hamkuwa na kitu. Hilo lilikuwa daftari la Jiografia. Madaftari yake yote saba yalivaa kaki ileile, kama askari kwenye gwaride.

Alirudi nyumbani mbio, akazikuta noti zimelala salama, lakini alipofika tena Tala, duka la Macharia lilikuwa limeshafungwa.

"Umelipa?" mama akauliza.

Neno moja la kweli lingetosha. Lakini serikali haiwezi kuanguka siku ya kwanza. "Nimelipa," Ndanu akasema.

Uongo huo ulihitaji muhuri. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, alijificha nyuma ya jiko, akakata kiazi kitamu katikati, akachonga duara na nyota kwa wembe, akakipaka penseli ya zambarau aliyoilowesha maji. Kadi ikapata muhuri wa tisa. Kesho alfajiri angekimbia kulipa, na hakuna ambaye angejua.

Alfajiri hiyo, daftari la Sayansi likiwa kwapani, alimkuta mama yake mlangoni, kiondo begani. "Afadhali umeamka. Twende, unisaidie kubeba kitambaa."

Nyuma ya kaunta ya Macharia kulikuwa na msumari uliopakwa rangi nyekundu. Hapo alining'iniza nakala za kadi za waliokosa kulipa. Ambaye kadi yake ilifika pale hakupewa kitu kwa mkopo kwa miezi sita, wala kwa Macharia wala katika maduka ya jirani.

Macharia aliitazama kadi, akafungua daftari lake, akaitazama kadi tena. "Mama Ndanu, kadi inasema umelipa. Daftari langu linasema hujalipa. Na nakala yako iko msumarini tangu Jumamosi."

"Mtoto wangu alileta pesa."

"Sikuziona."

"Basi unasema msichana wangu ni mwizi?" Sauti ya Kalunde ilipanda. Wateja waliokuwa nyuma wakaacha kupiga soga. "Huyu ninamjua. Ni mtundu, lakini pesa yangu hawezi kula. Muhuri si huu?"

Ndanu alimwangalia mama yake akimtetea mbele ya watu, shingo imenyooka, bila chembe ya shaka.

"Mwaitu, usigombane na Mzee," akasema. "Huo muhuri ni kiazi."

"Kiazi?" Macharia akauliza.

"Kiazi kitamu, Mzee." Akatoa noti kwenye jalada, akaziweka juu ya kaunta, akasimulia yote. Mtu mmoja akacheka. Kalunde hakucheka.

Macharia alivua miwani. "Ungekuja leo ukaniambia umebeba daftari la Jiografia, tungecheka pamoja. Siku moja ya kuchelewa naielewa. Lakini mtu akinitengenezea muhuri, nitamwamini vipi na kitambaa?"

Akaitoa nakala ya kadi msumarini. "Ni kwa sababu ya miezi minane ya mama yako, na kwa sababu umesema mwenyewe." Akafuta muhuri wa kiazi kwa mistari miwili, akapiga wake, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: *Imechelewa*. Kitambaa alitoa cha sketi kumi na tano tu. Kingine kingetoka hizo zikilipiwa. Faini ya shilingi hamsini, mama akaamua, ingetoka kwenye pesa za matumizi za Ndanu, na mapindo yote ya sketi yangekuwa kazi yake.

Walibeba kitambaa hadi Tala ikabaki nyuma.

"Pale dukani watu wananiamini kwa sababu sijawahi kuwadanganya," Kalunde akasema hatimaye. "Kosa lako la Jumamosi lilikuwa dogo. Jumapili ukaliongeza. Ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kurekebisha." Akahamisha kiondo bega la pili. "Kuna kingine?"

Ndanu alihesabu hatua kumi. "Mapema, umesema?"

"Mapema."

"Kuna barua ya mwalimu mkuu. Anataka kukuona siku ya kufungua shule. Ni kuhusu upupu."

"Upupu wapi?"

"Kwenye blanketi la kiranja wa bweni."

Kalunde aligeuza uso upande wa mashamba ya kahawa, mabega yakitikisika. Ilimchukua muda kurudisha uso wa mama.

"Endelea," akasema. "Bado hatujafika nyumbani."

Ndanu akavuta pumzi, akaanzia muhula wa kwanza.